Msitu wa Ukoo na Maji ya Mji

Mtu akifungua bomba mtaa wa Kivukoni, hapa Dar es Salaam, anapata maji. Ananawa uso, anachemsha chai, anakwenda kazini. Hajiulizi maji yametoka wapi. Mwenye duka Kariakoo naye hajiulizi. Ukiwauliza watajibu, "Ni maji ya Ruvu." Ni kweli. Lakini mto Ruvu nao una mama yake. Mama yake ni milima ya Uluguru, katika mkoa wa Morogoro.

Mimi nimezaliwa huko maji yanakotoka. Sasa ninaishi huku yanakofika. Kwa miaka mingi nimeuza ndizi, mdalasini na pilipili manga Kariakoo. Mizigo yangu inatoka kwetu, upande wa Kibungo Juu. Ndizi zikishuka kutoka mlimani, mwenye ndizi analipwa. Maji yakishuka kutoka mlima ule ule, mwenye mlima halipwi kitu. Jambo hilo liliuingiza ukoo wetu katika mazungumzo marefu. Nataka kuwaeleza wenzangu mnaosoma, kwa sababu huenda na kwenu yapo.

SAFARI YA MAJI

Milima ya Uluguru inatazama bahari. Upepo wa bahari hubeba unyevu. Ukifika mlimani hupanda juu, hupoa, na mvua hunyesha. Upande wa mashariki, kwenye misitu ya juu, mvua hufika milimita 3,000 kwa mwaka na zaidi. Dar es Salaam hupata kiasi cha milimita 1,100 tu. Milimita 3,000 ni mita tatu. Kama maji hayo yasingetiririka wala kuzama, kwa mwaka mmoja yangepita juu ya mlango wa nyumba.

Mvua ikianguka msituni, haiigongi ardhi kwa nguvu. Inapokewa na majani ya juu, kisha majani ya chini, kisha majani makavu yaliyolala ardhini. Udongo wa msituni ni laini. Unanyonya maji kama godoro. Maji yanazama polepole, na baadaye yanatoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Ndiyo maana vijito vya kwetu hutiririka hata mwezi wa Septemba, wakati mvua imekwisha na nyasi za bondeni zimekauka.

Mvua hiyo hiyo ikianguka kwenye mteremko uliolimwa na kuachwa mtupu, haizami. Inakimbia. Inabeba udongo mzuri wa juu na kuupeleka mtoni. Siku hiyo mto unajaa, na maji yake ni kama chai ya maziwa. Baada ya majuma machache mto umepungua. Shamba limepoteza udongo, na mto umepoteza maji. Wote wamepata hasara.

Vijito vingi vya kwetu vinaingia Ruvu. Mfizigo ni mmojawapo. Ruvu unashuka mbugani, unapokea mto Ngerengere, unafika Mlandizi katika mkoa wa Pwani. Hapo pana mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959. Mto unaendelea hadi upande wa Bagamoyo. Huko uko mtambo wa Ruvu Chini uliojengwa mwaka 1976. Mitambo hiyo miwili ndiyo inayolipa jiji sehemu kubwa ya maji yake. Maji yenye tope yanataka dawa nyingi ya kuyasafisha, na dawa ni fedha. Mto ukipungua, hata dawa haisaidii, maana hakuna cha kusafisha.

Tuliliona jambo hilo mwaka 2022. Mvua za vuli zilichelewa. Mwezi wa Oktoba ilitangazwa kwamba maji yanayozalishwa kwa ajili ya jiji yameshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300. Mgao ukaanza. Mtaani kwetu vijana wa mikokoteni wakapata kazi. Dumu la lita 20 nililinunua kwa shilingi 500. Jioni nikampigia simu mama kumjulia hali. Mama yuko kijijini, karibu na chanzo. Nilipomtajia bei ya dumu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, na pesa hiyo anachukua nani?"

Nikamjibu, "Mwenye mkokoteni, mama."

MATUTA YA AMRI

Ili kuelewa swali la mama, ni lazima nirudi nyuma.

Wakati wa Wajerumani, mwaka 1909, misitu ya juu ya Uluguru ilitengwa iwe mali ya serikali. Waingereza walipokuja wakaendelea hivyo. Mpaka ukawa umewekwa: juu yake msitu wa serikali, chini yake mashamba ya watu. Hakuna aliyekuja kwa bibi zetu na mfuko wa fedha akasema, "Nataka kununua mlima." Mlima ulichukuliwa tu.

Kwetu ardhi ni ya ukoo. Kwa Kiluguru ukoo ni lukolo. Ukoo wetu hufuata upande wa mama. Msimamizi ni mjomba, lakini ardhi si yake peke yake. Inapita kwa wanawake, kutoka bibi hadi mama, kutoka mama hadi binti. Kwa hiyo mimi, ingawa nauza ndizi mjini, nina haki yangu katika ardhi ya bibi yangu. Nikifa mjini, haki hiyo ni ya binti zangu.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitoa amri. Wakulima wote wa Uluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko, ili udongo usichukuliwe na maji. Asiyechimba ashitakiwe. Nia ya kulinda udongo haikuwa mbaya. Namna yake ndiyo iliyokuwa mbaya. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Hapakuwa na malipo. Tena kuchimba ngazi kulifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo mwekundu usiozaa. Watu waliona mazao yanapungua pale pale walipotii amri. Wengine walihofu kwamba mashamba yakishatengenezwa vizuri, Wazungu watayachukua.

Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Pakatokea ghasia. Polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo serikali iliuacha mpango ule wa matuta.

Bibi yangu alikuwa mama wa watoto watatu wakati huo. Alikuwa akituambia, "Sisi hatukuuchukia udongo wetu. Tulichukia kuamrishwa na mtu asiyejua jembe." Kila aliposema hivyo alitazama mikono yake.

MATUTA YA MALIPO

Sasa tazama jambo hili. Kuanzia mwaka 2006, mashirika mawili, CARE na WWF, yalikuja Kibungo Juu na mpango mwingine. Walisema hivi: watu wa chini wanatumia maji, na watu wa juu wanayatunza. Basi wa chini wawalipe wa juu. Waliotafutwa wawe wanunuzi ni DAWASCO, shirika lililokuwa likisambaza maji Dar es Salaam wakati huo, pamoja na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Wote wawili wakakubali.

Mkulima alikuwa anauza nini? Si ardhi. Ardhi ilibaki yake. Alikuwa anauza namna ya kulima. Akichimba matuta, akipanda miti kati ya mazao, akipanda majani kwenye kingo, akiacha kuchoma moto shamba, alilipwa kwa kadiri ya eneo alilolitengeneza.

Mama yangu alikuwa mmoja wa waliojiunga. Mama alijifunza kusoma katika darasa la kisomo miaka ya 1970. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yalifunguliwa hata chini ya miembe. Anasoma taratibu, huku kidole kikifuata mstari. Watu wa mradi walipoleta karatasi ya makubaliano, wengi walitaka kuweka dole gumba wamalize, wakawahi kazi za nyumbani. Mama aliisoma yote. Kisha akauliza, "Hapa pameandikwa malipo ni kwa eneo. Eneo atalipima nani?"

Lilikuwa swali zuri. Wakakubaliana kwamba shamba litapimwa mwenye shamba akiwapo. Siku ya kupima, mama alishika ncha moja ya kamba na mpimaji akashika ya pili. Kaka yangu aliandika hesabu kwenye daftari.

Malipo hayakuwa makubwa. Mama alinunua mbuzi jike na sare za shule za wajukuu. Mradi ulikuwa na muda wake, na ulipokwisha malipo nayo yalikwisha. Majirani kadhaa waliyaacha matuta yakabomoka. Ya mama yapo hadi leo. Alipanda mananasi kwenye kingo, na mananasi yanazaa. Hayo mananasi nimeyauza mwenyewe Kariakoo.

Nimefikiri sana juu ya matuta ya 1955 na matuta ya mama. Jembe ni lile lile. Mteremko ni ule ule. Hata udongo mwekundu ni ule ule. Lakini safari ya pili watu waliulizwa kwanza, walipima pamoja na wageni, na walilipwa. Mimi naona kuulizwa ndiyo sehemu kubwa. Mtu aliyelipwa bila kuulizwa bado ana uchungu. Ila siwezi kusema malipo ni kitu kidogo. Anayesema hivyo hajawahi kuchimba matuta.

WATU WATATU WANAUTAKA MSITU

Chini ya mpaka wa msitu wa serikali, katika bonde moja, ukoo wetu una msitu wake. Ni mdogo, kiasi cha ekari nne. Ndani yake yapo makaburi ya wazee na chemchemi moja. Ipo mikangazi, mikenge na misambu. Tangu zamani haukatwi. Mtoto akiingia kuokota kuni hutangulia kuomba ruhusa kwa mjomba.

Miaka michache iliyopita alikuja mfanyabiashara wa mbao. Aliizunguka mikangazi, akaipima kwa mikono, akataja bei ya kila mti. Bei ile iliwatoa watu macho. Mambo ya kibali alisema atayashughulikia mwenyewe. Vijana wetu wengine walikuwa na shauri lao. Walitaka msitu ufyekwe walime tangawizi, maana tangawizi ina soko. Na kamati ya maliasili ya kijiji ilikuwa na shauri la tatu. Ilitaka msitu wetu uunganishwe na misitu mingine midogo, uwe msitu wa hifadhi wa kijiji, kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavyoruhusu.

Mjomba akanipigia simu. "Njoo," akasema. "Wewe ni mwenye ardhi. Nisije nikaamua peke yangu, halafu mkanilaumu kaburini."

Nikafunga meza yangu kwa siku nne, nikapanda basi.

Tulikaa chini ya mfenesi. Nilipomwamkia mjomba, "Shikamoo," aliitikia, "Marahaba, mama," kwa sababu nina jina la mama yake. Tulikuwa watu kama thelathini. Aliyefungua mazungumzo ni mpwa wangu wa kiume. Alikuwa na hasira. "Kila mtu anatuambia tulinde maji ya Dar es Salaam," akasema. "Basi watu wa Dar es Salaam waje wanunue msitu. Wanaotaka maji walipe."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Dada yake, aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, naye hakucheka. Alisema kwamba jambo hilo lipo duniani. Akatueleza habari za jiji la New York, huko Marekani. Jiji lile lina watu kiasi cha milioni nane. Maji yao mengi hutoka kwenye milima iliyo mbali, iitwayo Catskill. Mwanzoni mwa karne iliyopita jiji lilichukua mabonde kwa nguvu ya sheria na kujenga mabwawa. Vijiji vikahamishwa, hata makaburi yakahamishwa. Uchungu wake ulidumu miaka mingi. Lakini mwaka 1997 jiji na watu wa milimani walifanya mapatano mapya. Baada ya hapo jiji lilinunua ardhi yenye misitu kwa yule tu aliyetaka kuuza, kwa bei ya soko. Asiyetaka hakuguswa. Tena jiji hulipa kodi ya ardhi hiyo kwa serikali za huko huko milimani, na husaidia wakulima walime bila kuchafua maji. Walifanya hivyo kwa hesabu, si kwa huruma. Kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja maji kungewagharimu mabilioni ya dola. Kununua misitu kulikuwa rahisi zaidi.

"Makaburi nayo?" mjomba akauliza. Sehemu ile ndiyo iliyomshika.

Mimi nikawaeleza habari za karibu zaidi. Nimezisikia kwa wauza iliki wanaotoka Muheza, mkoa wa Tanga. Kwenye milima ya Usambara ya Mashariki kuna msitu uitwao Derema. Wakulima walilima iliki ndani yake, chini ya miti mikubwa. Maji ya milima ile huingia mto Zigi, na mto Zigi hulipa maji jiji la Tanga. Serikali iliamua msitu ule uhifadhiwe. Mimea ya wakulima ikahesabiwa, nao wakalipwa fidia. Lakini walisubiri miaka kadhaa kabla ya kulipwa. Na wengi waliona fidia haitoshi, kwa sababu iliki ilikuwa ikiwapa fedha kila mwaka, na fidia ilikuja mara moja tu.

Hapo ndipo watu wakaacha kucheka.

Ndugu msomaji, neno fidia lieleweke vizuri. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo serikali ikihitaji ardhi yako haiinunui kama mtu anunuavyo ng'ombe. Inaichukua, na inakulipa fidia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe upesi. Haihesabu mazao na nyumba tu. Inahesabu thamani ya ardhi yenyewe, usumbufu, gharama ya usafiri na faida unayoipoteza. Fidia ikichelewa kupita kiasi, riba huongezwa. Ukiletewa fomu ya fidia, tafuta mafungu hayo. Fungu likikosekana, uliza kabla hujatia sahihi. Ukishatia sahihi, kazi ya kuuliza huwa ngumu.

Lakini kwetu hapakuwa na fidia ya kuhesabu. Msitu ukiwa hifadhi ya kijiji, ardhi haichukuliwi na serikali. Inabaki ardhi ya kijiji. Hakuna anayelipa. Vijana wakaona huo ndio ubaya wake. "Mbao zina pesa," wakasema. "Tangawizi ina pesa. Hifadhi ina nini?"

Mtu wa kamati ya kijiji akasimama. Alisema sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto. Tukatembea pamoja hadi kwenye chemchemi, tukahesabu hatua. Karibu nusu ya msitu wetu ilikuwa ndani ya mita hizo. Habari ya tangawizi ikafa pale pale.

Zikabaki mbao. Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ule mkangazi mkubwa nilipokuwa mtoto ulikuwa hivyo hivyo. Yule bwana ataulipa siku moja. Pesa itakaa mwezi mmoja. Kisha tutakuwa na kisiki, na wanawake watatembea kutafuta maji."

Shangazi mmoja akajibu kutoka nyuma, "Maneno mazuri, lakini paa langu linavuja." Hakuna aliyemkaripia. Alisema kweli.

Sitaki kuficha kitu. Ukoo wa bonde la pili ulimuuzia yule mfanyabiashara. Miti saba iliangushwa. Nyumba mbili zimeezekwa bati, na mtoto mmoja amelipiwa chuo. Siwezi kuwacheka. Kijito chao bado kinatiririka, ila mvua ikinyesha kinaleta tope, na watoto wao huja kuchota kwetu.

NENO MOJA KWENYE KARATASI

Siku ya pili tulikubaliana. Msitu uingie katika hifadhi ya kijiji, lakini kwa masharti, na masharti yaandikwe. Mwandishi wa kamati akaleta karatasi aliyoiandika usiku. Alikuwa kijana mwema. Akaisoma kwa sauti, watu wakatikisa vichwa kukubali.

Mama akaomba aione. Akavaa miwani. Kidole kikaanza kufuata mstari. Tulisubiri. Jua lilikuwa kali, na wengine walianza kunung'unika.

"Hapa pameandikwa, ukoo unatoa eneo lake kwa kijiji," mama akasema. "Kutoa ni kutoa. Mtu akishatoa hana. Sisi hatutoi."

Kijana akasema, "Mama, ni neno tu."

"Neno tu ndilo lililowachukulia watu mashamba," mama akajibu.

Wakabishana kwa heshima. Mwisho neno "unatoa" likafutwa. Badala yake pakaandikwa, "ukoo unaliweka eneo lake chini ya hifadhi ya kijiji, na eneo linabaki la ukoo." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ya kwanza. Nadhani ni bora kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha likaja jambo la majina. Karatasi ilikuwa na nafasi ya sahihi moja tu, ya mjomba. Safari hii niliyesema ni mimi. Nilisema kwa desturi yetu ardhi hupita kwa wanawake, kwa hiyo sahihi ya mwanamume mmoja haitoshi. Mjomba mwenyewe aliniunga mkono. Pakaongezwa mistari. Wanawake saba wa ukoo tukatia sahihi chini ya jina lake. Shangazi mwenye paa linalovuja hajui kuandika. Aliomba karatasi isomwe mara mbili, mara ya pili na mtu mwingine, si yule aliyeiandika. Ndipo akaweka dole gumba.

Mipaka iliandikwa kwa miti, mawe na kijito, na vijana wakapima kwa simu. Haki zetu nazo ziliandikwa: kuzuru makaburi, kuchuma dawa, kuokota kuni kavu, kuweka mizinga ya nyuki. Hakuna kukata mti mbichi, hata kwa mwenye ukoo. Sharti la mwisho alilileta yule mpwa wangu mwenye hasira, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Linasema kwamba siku yoyote mtu, shirika au mji utakapolipa kwa ajili ya maji ya bonde hili, nusu ya malipo itakuwa ya ukoo na nusu ya kijiji.

Wengine walimwona anaota. Lakini mama yake alikwisha kulipwa zamani kwa matuta yake, kwa hiyo si ndoto. Jambo lililowahi kufanyika laweza kufanyika tena.

Niliporudi mjini niliitoa bili yangu ya maji, nikaisoma mstari kwa mstari. Kuna fedha ya maji. Kuna tozo ya udhibiti. Najua pia kwamba mamlaka ya maji hulipa ada ya kutumia maji ya mto kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, iliyoko Morogoro. Ada hiyo ni ya kusimamia bonde lote. Haiendi kwa mama mwenye matuta. Kila siku jiji linatumia mamilioni ya lita. Kama kila lita elfu moja ingechangia shilingi chache tu, shangazi angeezeka paa lake bila kuuza mkangazi. Najua wapo watakaosema maji ya mjini tayari ni ghali. Nami ni mnunuzi, naijua bei. Lakini mwaka 2022 nililipa shilingi 500 kwa dumu, na hakuna hata senti moja iliyopanda mlima.

Wengine husema bwawa litatuokoa. Bwawa la Kidunda, kwenye mto Ruvu, lilianza kujengwa mwaka 2023. Likijaa litashika mita za ujazo milioni 190. Ni jambo jema kabisa. Ila bwawa hushika kila kinacholetwa na mto, maji na tope pamoja. Na tope hilo linatoka kwenye miteremko yetu.

Kijiji kimeandika barua kwa ofisi inayohusika. Mpwa wangu wa kike aliiandika, mama akaisahihisha. Imeeleza msitu una ukubwa gani, umetunzwa tangu lini, na kijito kinaingia mto gani. Imeuliza swali moja tu: nani analipa? Jibu bado halijafika. Mama ameweka nakala kwenye sanduku lake la bati, na kila nikipiga simu ananikumbusha tarehe iliyoandikwa juu yake.